Windows 7 kwenye mashine mpya: uipige moja kwa moja, uiweke ndani ya VirtualBox au utafute laptopu ya zamani?

Watu bado wanaitaka Windows 7. Microsoft waliifunga tarehe 14 Januari 2020, hata zile apdeti za kulipia ambazo makampuni yalikuwa yananunua ziliisha Januari 2023, lakini mpaka leo mtu ananunua laptopu mpya imekuja na Windows 11, hata vumbi haijashika, anauliza naipigaje 7 humu. Simlaumu, mara nyingi ana sababu ya maana. Kasheshe ni kwamba anaenda kwa fundi anasema tu "nipigie window 7", fundi anachomeka fleshi, inagoma, anabadilisha fleshi, inagoma, siku inaisha na mwisho anaambiwa mashine ni kimeo. Mashine haina tatizo lolote, ni njia tu iliyochaguliwa sio yake. Njia ziko kama nne hivi, kuipiga moja kwa moja, kuweka Windows mbili kwenye mashine moja, VirtualBox (programu ya kutengeneza kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) au mashine ya zamani, na kila moja ina mtu wake.

Kabla hujagusa fleshi jiulize unaitaka ya nini, maana jibu lote linatoka hapo.

Kama unaitaka kwa sababu ni nyepesi au umezoea sura yake, mimi nakwambia achana nayo. Mashine mpya ikiwa nzito mara nyingi ni ramu ya 4GB au takataka alizojaza muuzaji, ongeza ramu, ondoa zile programu zinazojiwasha zenyewe, utaona tofauti. Ukishindwa kabisa weka Linux Mint, bure na inapata apdeti. Alafu kumbuka Chrome iliishia toleo la 109 kwenye Windows 7, Steam nao walijitoa Januari 2024, kwa hiyo huo wepesi utakuja kuutumia kufanya nini sijui.

Ila kama una programu ya zamani ambayo biashara inaitegemea, au una kifaa ambacho draiva yake (programu ndogo inayokiunganisha na Windows) iliishia enzi za Windows 7, hapo tuongee. Programu naongelea mfano ule mfumo wa mahesabu wa dukani alioutengeneza kijana mmoja kwa Visual Basic 6 miaka hiyo na kijana mwenyewe hajulikani alipo, au mfumo wa matokeo wa shule ulioandikwa kwa FoxPro ya DOS, ule mfumo wa kabla ya Windows. Kifaa naongelea mfano gereji yenye ule waya wa Mini VCI wa kusomea Toyota kwa programu ya Techstream, plota ya kukatia stika, mashine ya kudarizi, skana kubwa ya ofisi, au studio yenye kadi ya sauti ya FireWire, aina ya waya wa zamani. Hawa wawili, mwenye programu na mwenye kifaa, hawapiti njia moja hata kama wote wanasema nataka 7.

Na kabla ya yote jaribu kwanza hiyo programu kwenye hiyo hiyo Windows 10 au 11 uliyonayo. Bonyeza ikoni yake kwa kitufe cha kulia, ingia propatizi, kuna sehemu ya Compatibility, chagua Windows 7, weka na tiki ya kuifungua kama msimamizi. Utashangaa ngapi zinakubali. Nimeona watu wanafomati mashine nzima kwa ajili ya programu ambayo ilikuwa inataka tiki moja tu.

Kuipiga moja kwa moja

Hii ndo kila mtu anakimbilia na ndo ngumu kuliko zote, na ugumu wake unategemea prosesa yako ni ya kizazi gani. Angalia namba baada ya deshi, i5-3320M ni kizazi cha 3, i5-6200U cha 6, i5-1135G7 cha 11. Hadi kizazi cha 4 au 5 hakuna shida ya kutisha, draiva za Windows 7 zipo kwenye tovuti za watengenezaji, unapiga kama kawaida. Kizazi cha 6, kile cha mwaka 2015, ndo kizingiti, maana pale Intel waliondoa ile kontrola ya zamani ya USB 2.0 wakaacha ya USB 3.0 peke yake, na diski ya Windows 7 ilitengenezwa 2009 haijui USB 3.0 ni kitu gani. Matokeo yake kwenye desktopu unafika ukurasa wa kwanza kibodi imekufa na mausi imekufa, unaitazama tu. Kwenye laptopu kibodi yenyewe mara nyingi inafanya kazi kwa sababu kwa ndani imeungwa kizamani, ila tachipadi inaweza kugoma, alafu ukibonyeza endelea linakuja lile tangazo la kudai draiva ya CD/DVD haipo wakati wewe hata CD huna, umetumia fleshi. Watu wengi wanaamini fleshi ni mbovu au faili la ISO, ile nakala ya diski ya Windows, ni bovu wanaenda kushusha lingine, kumbe intola, ile programu inayoipiga Windows, imepoteza fleshi yenyewe, haiioni tena kwa sababu iko kwenye tundu ambalo haina draiva yake.

Dawa yake ni kuziingiza draiva za USB 3.0 ndani ya ISO kabla ya kuipiga, kwa DISM, zana ya amri iliyomo ndani ya Windows, au kwa NTLite kama hupendi kuandika amri. Na hapa ndo mafundi wengi wanakwama, ndani ya ile diski kuna boot.wim na kuna install.wim, ile ya kwanza ndo intola yenyewe na ya pili ndo Windows itakayokaa kwenye mashine, ukiingiza kwenye moja ukaacha nyingine utapiga vizuri alafu ikiwaka kibodi haipo, au usifike hata kupiga. Ingiza kote, na kwenye boot.wim kuna picha mbili ndani, weka zote mbili umalize.

Diski nayo. Kama mashine ina SSD ya SATA, sawa, ingia BIOS, ile menyu ya mashine kabla Windows haijawaka, weka diski kwenye AHCI inaonekana. Kama ni NVMe, ile nyembamba kama bablishi, Windows 7 haiijui mpaka umeiongezea apdeti za KB2990941 na KB3087873, au draiva ya mtengenezaji wa diski. Ukiweza kuchomeka SSD ya SATA kwa kazi hiyo fanya hivyo, utapunguza maumivu nusu.

Alafu kuna suala la sahihi, ile alama ya kidijitali inayothibitisha apdeti au draiva ni ya kweli. Kuanzia 2019 Microsoft walihamia SHA-2, aina mpya ya sahihi, kwenye apdeti zao, na Windows 7 ya SP1 kavu haiijui vizuri, kwa hiyo unaweka draiva inakataa na kodi 52 kwenye Device Manager, unadhani draiva ni ya uongo. Weka kwanza apdeti ya KB4490628 alafu KB4474419, washa upya, ndo uendelee na draiva zingine.

Kizazi cha 7 kwenda juu, na Ryzen za AMD zote, Microsoft wenyewe waliweka ngumu, 2017 walianza kuzuia apdeti za Windows 7 kwenye prosesa hizo. Kuna kizibuo kinaitwa wufuc watu walikitumia, leo apdeti zenyewe zimeisha kwa hiyo hilo sio tatizo kubwa tena, tatizo kubwa ni grafiki. Draiva rasmi ya grafiki ya Intel kwa Windows 7 iliishia kizazi cha 6 au cha 7, ukipita hapo unabaki na skrini ya VGA isiyo na nguvu, video inakatakata, huwezi kubadili mwangaza. Unaweza kutafuta draiva zilizochokonolewa na watu huko mtandaoni, zinafanya kazi wakati mwingine, mimi kwa mashine ya biashara siweki. Desktopu yenye kadi ya Nvidia ya kizazi cha RTX 30 kurudi nyuma ina afadhali maana draiva za 7 zilitoka, RTX 40 hakuna.

Mashine za kizazi cha 11 na kuendelea ndo usipoteze muda kabisa. Nyingi hazina tena CSM, ile sehemu ya BIOS inayojifanya ya kizamani, na Windows 7 hata ukiipiga kwa UEFI, ile BIOS ya kisasa, bado inaitegemea ile CSM kuonyesha picha, kwa hiyo inaganda pale pale kwenye nembo ya kuwaka na haisogei. Ipo UefiSeven ya kudanganyia hilo, ukishapita hapo unaweza kukutana na skrini ya bluu ya 0x000000A5 ya ACPI, nayo ina dawa yake ya kubadilisha faili la mfumo, na ukimaliza waifai haina draiva kwa sababu kadi kama Intel AX200 haikutengenezewa ya Windows 7. Mtu anayefanya hivi kwa raha yake wikiendi namuelewa kabisa, ni mchezo mzuri, ila mteja anayesubiri stika zake kesho asubuhi sio wa kumfanyia majaribio hayo.

Jambo moja la usalama hapa. Kwa sababu kazi ni ngumu utakuta ISO zimeshaandaliwa, Windows 7 yenye USB 3.0 na NVMe na kila kitu, imeshaaktivetiwa. Aliyeiandaa humjui, alichoweka ndani hukijui vilevile, na unaenda kuweka humo mahesabu ya biashara. Tengeneza yako.

Kuweka mbili kwenye mashine moja

Hii sitakaa nayo sana kwa sababu ina maumivu yote ya hiyo ya juu, unaongeza tu mengine. Windows 7 haikubali Secure Boot, ile kinga ya mashine wakati wa kuwaka, lazima uizime, na Windows 11 nyingi siku hizi zinakuja na diski imefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, ukizima Secure Boot ukarudi kwenye 11 inakuuliza funguo ya tarakimu 48. Huna, basi mafaili yako huyafikii. Kwa hiyo ukishikilia njia hii, kwanza ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uchukue hiyo funguo uiandike karatasini au uzime ufungaji kabisa, na zima pia Fast Startup ili 11 ikizimwa izimike kweli. Wacheza gemu nao wajue Valorant kwenye Windows 11 inataka Secure Boot iwe imewashwa, kwa hiyo kila ukitaka kucheza unarudi BIOS. Faida yake ni moja tu, 7 inapata nguvu yote ya mashine na bado una mfumo mpya wa kuingia mtandaoni, kwenye mashine ya kizazi cha 4 hadi 6 inakubalika, ingawa hizo Windows 11 rasmi haizikubali.

Ndani ya VirtualBox

Kwa mwenye programu hii ndo njia na sioni hata cha kubishania. Unashusha VirtualBox ya Oracle, bure, au VMware Workstation Pro ambayo tangu 2024 nayo wameitoa bure, unatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, unaipa ramu 2GB na diski 30GB, unapiga Windows 7 humo kutoka ISO ile ile ya kawaida bila kuingiza draiva yoyote. Karibu yote tuliyosema hapo juu hayapo. Haioni NVMe yako wala kadi yako mpya ya grafiki, inaona diski ya SATA ya kuigiza na kadi ya mtandao ya zamani inazozijua tangu utoto wake. Mashine iwe ya kizazi cha 13 iwe Ryzen, haijalishi, ila iwe na ramu 8GB na kuendelea, na kwenye BIOS uwashe Intel Virtualization, kwa AMD imeandikwa SVM. Hapo wenye zile laptopu mpya za Snapdragon na MacBook za M1 na kuendelea hawamo, zile prosesa ni za ARM, 7 inaweza kuigizwa lakini itatambaa.

Kizuri kingine ambacho watu hawakifikirii mpaka siku mashine iibiwe, hiyo Windows 7 nzima pamoja na programu na leseni yake ni folda moja tu. Nakili kwenye diski ya nje, mashine ikifa nunua nyingine, weka VirtualBox, fungua folda, kazi inaendelea ilipoishia. Na kuna snapshoti, picha ya hali ya mashine ilivyo sasa, kabla hujajaribu kitu piga moja, ukiharibu unarudi. Kwa kuipiga moja kwa moja kwenye chuma huna hicho kitu.

Kwenye vifaa inakuwa nusu kwa nusu. Vya USB mara nyingi vinakubali, VirtualBox inakukabidhi kile kifaa ndani ya 7 kama vile kimechomekwa humo. Chagua kontrola ya USB 2.0 kwenye setingi zake, sio 3.0, kwa sababu ile ile ya kwamba 7 haina draiva ya USB 3.0. Yule wa gereji mwenye Mini VCI, draiva ya ule waya ni ya 32-bit, kwa hiyo anapiga 7 ya 32-bit humo ndani na maisha yanaenda, hahitaji kuharibu laptopu yake mpya. Plota ya Kichina yenye waya wa USB wa kuigiza seriali, jaribu, nyingi zinaenda. Ambavyo haviendi ni FireWire, kadi za PCI za kuchomeka ndani ya desktopu, na LPT ile ya printa za zamani ni bahati nasibu. Vinavyotaka muda kamili bila kuchelewa hata kidogo, kama kurekodi sauti, humo vitakukera.

Wa FoxPro ya DOS naye asikie hili, Windows za 64-bit haziendeshi programu za 16-bit, ziwe 7 ziwe 10. Anahitaji 7 ya 32-bit, na ndani ya VirtualBox ni rahisi kuichagua kwa sababu hata ukomo wake wa ramu 4GB haukusumbui pale. Na wa XP wote, waliofungiwa tangu 8 Aprili 2014, msijaribu kabisa kwenye chuma kipya, humu humu ndo kwenu.

Laptopu au desktopu ya zamani

Sasa kwa mwenye kifaa kinachogoma VirtualBox, au studio, au kiwanda kidogo ambapo ile kompyuta inafanya kazi moja tu kutwa nzima, mimi namwambia arudi dukani. Hizi mashine za mtumba kutoka Ulaya na Dubai zimejaa Kariakoo, Nairobi pale Luthuli, na kwingineko, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na hiyo mpya unayotaka kuitesa. Unatafuta kizazi cha 2, 3 au 4, mfano ThinkPad T420 au T430, Latitude E6420 au E6430, EliteBook 8470p, desktopu OptiPlex 790 au 7010. Hizi zilizaliwa na Windows 7, draiva zote zipo, zina matundu ya USB 2.0, na zile OptiPlex nyuma zina tundu la seriali la kweli. Za kizazi cha 2 nyingi bado zina stika ya leseni ya Windows 7 Pro, laptopu iko chini ya tumbo au ndani ya sehemu ya betri, basi hata hilo la funguo limeisha kihalali.

Ukiiweka SSD ya SATA inawaka haraka hata wewe mwenyewe utacheka. Hasara zake zinajulikana, betri imechoka, ni nzito, umeme inakula zaidi, na ipo siku itakufa na zinazofanana nayo zinapungua sokoni. Ndo maana kama ile plota ndo inalipa kodi ya nyumba, chukua mbili zinazofanana kabisa, moja kaa nayo ndani.

Kuna wanaouliza mbona usiweke tu Windows 10 kati kati. Windows 10 ya kawaida nayo ilifungwa 14 Oktoba 2025, ila ile ya LTSC 2021, toleo la makampuni, inakwenda hadi Januari 2027 na ya IoT LTSC hadi Januari 2032, kwa ofisi yenye leseni ni chaguo zuri kama kifaa kinakubali draiva ya 10. Mwenye kutaka 10 ya 32-bit ajue inagoma kwenye mashine mpya isiyo na CSM, atarudi kwenye VirtualBox tu.

Intaneti kwa njia zote hizi ni hapana. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipopita dunia nzima wengi walioumia walikuwa kwenye Windows 7, tena dawa ilikuwa imetoka Machi, walikuwa hawajaiweka. Leo dawa mpya hazitoki kabisa. Ndani ya VirtualBox zima kadi ya mtandao, mafaili yapitishe kwa folda ya pamoja. Kwenye mashine ya mtumba chomoa waya, zima waifai, na fleshi za wateja zichomeke kwanza kwenye mashine yako mpya zichunguzwe, ndo ziende huko.

Ukienda dukani nenda na kifaa chako au angalau waya wake. Usikubali kuonyeshwa tu kwamba inawaka. Mwambie muuzaji aingie BIOS usome prosesa na uone kama haina paswedi ya kampuni iliyotoka nayo Ulaya, maana ile ukiikuta nyumbani huwezi kubadilisha chochote humo. Jaribu kila tundu la USB, chomoa chaja uone betri inashika dakika ngapi, zima kabisa, washa tena uangalie kama saa imerudi nyuma, ikirudi ile betri ndogo ya CR2032 imekwisha, mwambie aiweke mpya kabla hujatoa hela.